Hesabu Dawa, Usihesabu Maji

Baba Dogo, Nairobi, kemikali hazikai maabara. Viwanda vimepakana na ploti za kupangisha, na nje ya kuta za viwanda hivyo kuna watu wanaokula kwa mitungi: anayekoroga sabuni ya maji kwa Ufacid na Ungerol, anayepima jik kwa chupa za soda na kuwauzia majirani, anayejaza maji ya betri, muuza maji na mkokoteni wake. Jioni, nyumba ya pili, mtoto wa kidato cha tatu anapambana na mada ya moli. Wote hawa wanapiga hesabu moja, ingawa mtoto anaiita kemia na mama yake anaiita kazi.

Hesabu hiyo ni ya kuzimua. Una kitu kikali, unataka kisiwe kikali hivyo. Utie maji kiasi gani? Wengi huanza na maji, na hapo ndipo wanapopotea. Anza na dawa. Ukimimina lita moja ya jik kwenye mtungi wa maji, gramu za dawa zilizokuwa ndani ya ile lita bado zimo zote, ila sasa zimetawanyika katika nafasi kubwa zaidi. Basi jiulize kwanza: mwishoni nahitaji gramu ngapi? Kisha: gramu hizo zimo katika mililita ngapi za kile nilichonunua? Ukishajua hayo mawili, maji ni ya kujazia tu.

Shuleni hesabu hiyo huandikwa kwa herufi na namba, lakini maana yake ni hii: nguvu ya mwanzo mara ujazo wa mwanzo ni sawa na nguvu ya mwisho mara ujazo wa mwisho. Na ili asilimia za kwenye lebo zigeuke kuwa gramu, shika jambo moja: kwa dawa iliyoyeyushwa majini na kupimwa kwa gramu katika ujazo, asilimia 1 ni gramu 10 katika kila lita, yaani miligramu 10 katika kila mililita. Ukiwa na hilo kichwani, nusu ya kazi imekwisha.

Tuanze na jik, maana ndiyo inayozunguka zaidi mtaani. Jik ya dukani kwa kawaida ina haipokloraiti ya sodiamu ya asilimia 3.5 hivi. Anayetengeneza ya kuuza hununua ile kali ya mapipa, mara nyingi asilimia 10 hadi 12. Tuseme yako ni 12 na unataka mtungi wa lita 20 wa asilimia 3.5. Lita 20 zenye gramu 35 kila moja zinadai gramu 700. Ile kali ina gramu 120 kwa lita. Gawanya 700 kwa 120, upate lita 5.83. Pima hizo, kisha jaza maji mpaka alama ya lita 20. Si mpaka shingoni: mtungi wa mafuta ya kupikia ukijazwa hadi mdomoni hubeba zaidi ya lita 20, na ile ziada yote ni maji ambayo hukuyahesabu. Pima lita 20 mara moja kwa chombo unachokiamini, piga mstari wa kalamu isiyofutika ubavuni mwa mtungi, na mstari huo ndio uwe mwisho wako siku zote.

Sasa jambo ambalo muuzaji hatakwambia. Haipokloraiti haikai. Joto huiua, jua huiua, na kadiri ilivyo kali ndivyo inavyooza upesi. Pipa lililoingia likiwa na asilimia 12 na kukaa chini ya mabati ya moto linaweza kuwa limeshuka hadi 9 kabla hujafika nusu yake. Ukiendelea kupima lita 5.83 kama ulivyozoea, gramu zinazoingia mtunguni ni 525 badala ya 700, na unachouza ni jik ya asilimia 2.6. Hujaiba, lakini mteja ameibiwa. Kwa 9 ungehitaji lita 7.78. Ndiyo maana nashauri ununue kidogo kidogo, uulize tarehe ya kutengenezwa na cheti cha vipimo, na uizimue mapema, kwa sababu ikishakuwa na maji mengi hudumu zaidi kuliko ikiwa kali. Iweke kivulini, ndani ya chombo kisichopitisha mwanga.

Kuijua nguvu halisi si uchawi. Shule yenye maabara ya kemia inaweza kuipima kwa mbinu ya zamani ya iodini na thiosulfeti, na hiki ni kipindi ambacho mwalimu angefurahi kukifundisha. Chukua mililita 10 za jik, jaza maji hadi 250 katika chupa ya kipimo. Pipeti mililita 25 za hiyo, ongeza iodidi ya potasiamu kwa wingi na asidi ya ethanoiki kidogo, mahali penye hewa. Rangi ya kahawia itatokea. Shusha thiosulfeti ya moli 0.1 kwa lita kutoka kwenye bureti mpaka rangi ipotee, wanga ukikusaidia kuona mwisho. Tuseme imechukua mililita 9.4. Hizo ni milimoli 0.94, na kwa kuwa thiosulfeti mbili hulingana na haipokloraiti moja, mlikuwa na milimoli 0.47 katika zile mililita 25, yaani moli 0.0188 kwa lita. Jik yenyewe ilizimuliwa mara 25, kwa hiyo zidisha: moli 0.47 kwa lita. Moli moja ya haipokloraiti ya sodiamu ni gramu 74.5, basi gramu 35 kwa lita. Asilimia 3.5, kama lebo ilivyodai.

Mwanafunzi aangalie kilichotokea kwenye ile hatua ya mara 25. Katika karatasi ya tatu ya Kemia ya KCSE, swali la bureti hupenda sana kukwambia kwamba sentimita 25 za ujazo za myeyusho fulani zilijazwa maji hadi 250, kisha linakuuliza nguvu ya ule wa mwanzo. Watahiniwa hukokotoa vizuri kabisa nguvu ya ule uliozimuliwa, wakapiga mstari chini ya jibu, wakaenda swali la pili. Wamesahau kurudi nyumbani. Kila ukizimua, andika pembeni umezimua mara ngapi. Kabla ya kufunga swali, uliza jibu lako ni la chupa ipi.

Turudi mtaani. Kuna maandishi ya kalamu ya wino mzito utayakuta kwenye mitungi mingi: 1:10. Yana maana gani? Mmoja atasema sehemu moja ya dawa na kumi za maji, jumla kumi na moja. Mwingine atasema moja kati ya kumi, yaani dawa moja na maji tisa. Kwa jik ya 3.5, wa kwanza anapata asilimia 0.32, wa pili 0.35, na hapo hakuna wa kugombana. Lakini shuka hadi 1:3. Moja na tatu za maji ni robo. Moja kati ya tatu ni theluthi. Shuka hadi 1:1, na kwa tafsiri ya pili hujazimua chochote. Dawa inavyotumika ikiwa kali zaidi ndivyo ugomvi unavyokuwa mkubwa. Mimi ningefuta nukta mbili hizo kwenye mitungi yote nikaandika maneno: jik kikombe 1, maji vikombe 6.

Hiyo ya moja na sita haikutoka hewani. Ukitaka asilimia 0.5 kutoka 3.5, gawanya: 3.5 kwa 0.5 ni 7. Jumla ni sehemu saba, moja ni dawa, zinazobaki sita ni maji. Gawanya nguvu uliyonayo kwa nguvu unayotaka, kisha toa moja. Unachopata ni sehemu za maji kwa kila sehemu moja ya dawa. Kwa asilimia 0.05, ile ya kunawia mikono wakati wa kipindupindu, 3.5 kwa 0.05 ni 70, kwa hiyo moja na 69. Kwenye mtungi wa lita 20 ni mililita 286 za jik. Kwa asilimia 2, inayomwagwa juu ya matapishi na kinyesi cha mgonjwa katika vituo vya kipindupindu, mgawo ni 1.75: lita 4 za jik kwa lita 3 za maji. Nairobi imepigwa na kipindupindu mwaka 2015, ikapigwa 2017, na wimbi lililoanza mwishoni mwa 2022 likafika pia. Kila mara utasikia mtu akishauri watu watie jik bila kusema kiasi gani wala kwa kazi gani. Kati ya 0.05 na 2 kuna tofauti ya mara arobaini. Ya kwanza unanawia, ya pili itakuchubua.

Anayetumia chembechembe nyeupe za haipokloraiti ya kalsiamu, zile za matangi na mabwawa ya kuogelea, hesabu yake ni ile ile ila anapima uzito. Nyingi zina klorini ya asilimia 65 hadi 70. Lita 20 za asilimia 0.05 zinadai gramu 10 za klorini. Gawanya kwa 0.65, gramu 15.4. Tumia mizani ndogo. Kijiko cha mezani ukikijaza kwa kilima na ukikisawazisha kwa kisu ni vijiko viwili tofauti.

Sasa maji ya kunywa, na hapa naomba usome polepole. Mfereji wa Baba Dogo, kama mingi ya Eastlands, huja kwa mgao, na wengi hununua mtungi kutoka kwa mwenye mkokoteni bila kujua ulichotwa wapi. Kutia dawa ni busara. Dawa ya maji iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, kama WaterGuard, ina nguvu ndogo makusudi. Chukua yenye asilimia 1.25 na kifuniko cha mililita 3: kila mililita ina miligramu 12.5, kifuniko kina 37.5, na ukikitia kwenye lita 20 unapata miligramu 1.875 kwa lita. Hicho ndicho kiwango ambacho CDC ya Marekani imekuwa ikipendekeza kwa maji maangavu, na mara mbili yake kwa maji yenye tope. Unatikisa, unasubiri nusu saa, unakunywa.

Mtu amekosa WaterGuard, anayo jik. Anatumia kifuniko kile kile cha mililita 3. Jik ya 3.5 ina miligramu 35 kwa mililita, kwa hiyo ametia 105, na maji yake sasa yana miligramu 5.25 kwa lita. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha 5 kwa maji ya kunywa. Na kama mililita hizo 3 zimetoka kwenye ile kali ya pipa, ni miligramu 360, au 18 kwa lita, maji ambayo mtoto atayatema kabla hayajamfikia kooni. Kipimo cha jik kwa mtungi huo ni mililita 1 na kidogo, nacho hakipimwi kwa kifuniko. Nunua bomba la sindano kwenye duka la dawa, bila sindano yenyewe. Ukikosa, zimua kwa hatua mbili: mililita 100 za jik zijazwe hadi lita moja, ziwe asilimia 0.35; halafu mililita 10.7 za hiyo, vijiko viwili vya chai na kidogo, ziingie mtunguni. Makosa madogo ya mkono hayana nguvu tena. Iwe jik isiyo na marashi wala rangi. Zile zinazonukia ndimu ni za sakafu na choo.

Kuna kosa jingine ambalo halitokani na hesabu kabisa: asilimia ya nini? Asilimia 3.5 ya jik ni gramu katika ujazo. Asilimia 96 ya spiriti ni ujazo katika ujazo. Asilimia 36 ya asidi ya haidrokloriki kwenye chupa ya maabara ni uzito katika uzito, na hapo lazima ujue kila mililita ina uzito gani. Asidi hiyo ina gramu 1.18 kwa mililita. Lita moja ni gramu 1,180. Asilimia 36 yake ni 424.8; gawanya kwa 36.5, upate moli 11.6 kwa lita. Aliyepuuza uzito huo akachukua gramu 360 tu kwa lita anapata 9.9, na kila myeyusho atakaoutengeneza kwa hesabu hiyo utakuwa mkali kuliko anavyodhani. Ukitaka nusu lita ya moli 2, unahitaji moli 1, yaani mililita 86 za ile kali.

Na uliza pia kama kitu chenyewe kimebeba maji ndani yake. Kabonati ya sodiamu kavu ina gramu 106 kwa moli. Fuwele zake zilizoshika molekuli kumi za maji zina 286. Kwa mililita 250 za moli 0.1, kavu unapima gramu 2.65; fuwele, gramu 7.15. Hapa Kenya kuna mtego wa tatu, maana tuna Ziwa Magadi, ambako soda imechimbwa kibiashara tangu 1911. Soda ash inayotoka kiwandani ni kabonati. Lakini yale magadi ya sokoni, mabonge ya kijivu ya kulainishia maharagwe na mboga, ni trona: kabonati, bikabonati na maji vimeshikana, gramu 226 kwa moli. Kabonati yenyewe ndani yake haifiki nusu ya uzito. Mtengeneza sabuni aliyeelekezwa kilo moja ya soda ash akaona magadi ni ya bei nafuu, asishangae sabuni ikigoma. Amepima kilo kamili ya kitu kingine.

Nirudi kidogo kwenye neno nililotumia mara nyingi, jaza hadi, maana si sawa na ongeza. Wakati wa Korona watu wengi walijaribu kutengeneza dawa ya mikono kwa maelekezo ya Shirika la Afya Duniani: kwa lita 10, mililita 8,333 za ethanoli ya asilimia 96, mililita 417 za haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3, mililita 145 za gliseroli, kisha maji yaliyochemshwa na kupoa hadi kwenye alama ya lita 10. Maelekezo hayataji kiasi cha maji, na kuna sababu. Ukichanganya mililita 50 za ethanoli safi na 50 za maji hupati 100, unapata kama 96, molekuli hubanana. Aliyetoa jumla ya vile vitatu, 8,895, kutoka 10,000 akapima maji 1,105 hatafika kwenye alama. Ethanoli pekee ndiyo ya kuhesabu: 8,333 mara 0.96 ni 8,000, asilimia 80 ya lita 10.

Sitachukua muda mwingi kwa mambo ya usalama ila yale yanayoua. Asidi huingia kwenye maji, kamwe maji hayaingii kwenye asidi, hasa ya betri: tone la kwanza la maji juu ya asidi kali hutokota na kuruka machoni. Soda kali nayo vivyo hivyo, unaitia kidogo kidogo kwenye maji baridi na kuiacha ipoe kabla ya kusoma ujazo, kwa sababu kilicho moto kimetanuka. Jik haikutani na dawa ya choo yenye asidi. Gesi inayotoka ni klorini, ile iliyotumiwa vitani mwaka 1915. Haikutani na amonia pia. Vaa glavu na miwani hata kama majirani watacheka. Na chupa ya soda si chombo cha kemikali ndani ya ploti yenye watoto. Ikibidi, basi andika jina, nguvu na tarehe, na uiweke mahali ambapo mtoto akisimama juu ya kiti hafiki.

Swali la mwisho huja mwisho wa wiki. Umebaki na lita 10 za jik iliyopoa hadi asilimia 2, na huwezi kuiuza hivyo. Huwezi kuizimua ikapanda. Lakini unaweza kuipandisha kwa ile ya 12, na hesabu bado ni ya dawa. Zile lita 10 zina gramu 200. Kila lita ya ile kali italeta 120, lakini pia italeta nafasi ya lita moja itakayodai gramu 35 zake. Faida ya kila lita ni 85. Upungufu wako ni lita 10 mara 35, toa 200: gramu 150. Gawanya 150 kwa 85. Ongeza lita 1.76 za ile kali, koroga, futa tarehe ya zamani kwenye mtungi, andika ya leo.